Unga mweusi upande wa ndani wa kona

Nilipitisha kidole kwenye mfereji wa kona ya tatu ya konveya yangu, kikatoka cheusi.

Nikakifuta kwenye kitambaa, nikakipitisha tena, safari hii nikigusa ukuta wa nje wa mfereji uleule. Kikatoka kama kilivyoingia. Nikaenda kona ya pili, kisha ya kwanza. Ndani cheusi, nje safi. Unga wenyewe ulikuwa vumbi la plaiwudi lililochanganyika na mabaki ya nailoni, laini kama masizi, umejikusanya kwenye pembe ya chini ya ukuta kwa mstari mwembamba uliofuata mviringo wa kona kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ukuta wa nje ndio niliouvika bapa la chuma. Wa ndani niliuacha plaiwudi tupu, kwa sababu niliamini hakuna kitakachougusa.

Wiki tatu zilizofuata mstari ule haukunitoka kichwani.

## Kinachozunguka

Konveya yenyewe nimeijenga nyumbani. Kazi yake ni kuzungusha trei za vipande vya mbao vilivyotoka kupakwa rangi, vipite taratibu mbele ya feni mpaka vikauke, kisha virudi mkononi mwangu. Trei zinabebwa na vitoroli vidogo, kila kimoja na magurudumu mawili ya kipenyo cha milimita 60. Kitoroli kimeungwa na mwenzake kwa kipande cha chuma cha milimita 300, pini kila ncha, na mlolongo mzima umefunga duara. Mota moja inauvuta kwa mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde. Chini ya kila kitoroli kuna vijiti viwili vya nailoni vinavyopita ndani ya mfereji uliochongwa katikati ya njia, na mfereji huo ndio unaokiongoza kitoroli.

Kwenye sehemu zilizonyooka sina la kusimulia. Kazi yote iko kwenye kona.

## Niliyoyaona mapema

Sikuingia kwenye kona kichwa kichwa. Mambo mengine niliyakamata kabla sijakata mbao, na nayataja kwa sababu yalinipa imani kwamba kona nimeshaielewa. Imani hiyo ndiyo iliyonichelewesha.

Kitoroli changu cha kwanza kabisa kilikuwa na magurudumu manne, kama gari. Nilikisukuma kwa mkono kwenye kona ya majaribio yenye nusu kipenyo cha milimita 400, kikaingia nusu mwili kikakwama. Ekseli mbili zilizofungwa sambamba haziwezi zote mbili kuelekea kitovu cha mviringo. Mstari unaotoka ekseli ya mbele kwenda ya nyuma unaikata kona kama uzi wa upinde, na kina cha mkato huo unakipata ukichukua umbali kati ya ekseli, ukauzidisha kwa wenyewe, ukagawanya kwa nusu kipenyo mara 8. Ekseli zangu zilikuwa milimita 160 mbalimbali. Jibu ni milimita 8, na mfereji ulikuwa na nafasi ya milimita 2 tu.

Nikatoa ekseli moja. Sasa kinachoamua mwelekeo wa kitoroli ni vile vijiti viwili vya nailoni, na vimeachana kwa milimita 60. Piga hesabu ileile utapata milimita 1 na kidogo. Kikapita.

La pili ni magurudumu yenyewe. Gurudumu la nje linasafiri njia ndefu kuliko la ndani, hilo kila mtu analijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba tofauti hiyo haijali ukubwa wa kona. Kwa kona ya nyuzi 90 ni umbali kati ya magurudumu mawili mara 1.57, basi. Magurudumu yangu yameachana milimita 200, kwa hiyo la nje linatembea milimita 314 zaidi, iwe kona ni ya kugeukia sahani au ya kugeukia lori. Kwa gurudumu la milimita 60 hiyo ni mizunguko 1 na theluthi 2 ya ziada. Ukiyafunga yote mawili kwenye ekseli moja inayozunguka nayo, mojawapo lazima liburuzwe. Magurudumu ya treni yana jibu lake: yamechongwa mshazari, mapana upande wa ndani, hivyo kwenye kona yanasogea kidogo pembeni na la nje likawa kama gurudumu kubwa zaidi. Mimi nilichukua njia fupi, kila gurudumu na beringi yake.

La tatu ni trei. Nilitaka trei za urefu wa milimita 280, zijaze karibu nafasi yote ya milimita 300 kati ya pini na pini. Kabla ya kukata nilitengeneza mbili za kadibodi na kuzizungusha juu ya mchoro. Kwenye mstari zilipishana vizuri. Kwenye kona, pembe zao za ndani ziligongana na kupandana, kwa sababu kitovu cha trei kinafuata njia lakini ukingo wake wa ndani unafuata duara dogo zaidi, na huko nafasi ni finyu. Kwa trei ya upana wa milimita 240 kwenye kona ya milimita 400, urefu wa mwisho unaoruhusiwa ni milimita 226. Nikakata za 220.

Mambo matatu, yote ya jiometri, na yote nilimaliza nayo kwa penseli. Nikajiona mtu aliyekwisha kazi ya kona.

## Hofu ya kwenda nje

Kuna jambo mwili unalijua kabla ya akili. Umekaa kwenye gari, dereva anakata kona kwa kasi, bega lako linagonga mlango wa nje. Hiyo ndiyo kona niliyokuwa naijua. Kwa hiyo nilipochora mfereji sikujiuliza hata mara moja vitoroli vitaegemea wapi. Vitaegemea nje, vitakwenda wapi kwingine?

Nikakata bapa la chuma la milimita 3, nikalikunja kwa mkono kufuata mviringo. Bapa likikunjwa hurudi nyuma kidogo ukiliachia, kwa hiyo nililikunja kupita kiasi, nikaliachia, nikalijaribisha, nikalikunja tena. Kona sita, jioni tatu. Kila bapa nililifunga kwa skrubu zenye vichwa vilivyozama, nikapiga msasa mpaka kidole kikapita bila kuhisi kiungo.

Yote hayo kwenye ukuta ambao, baada ya mwezi wa kazi, ulikuwa bado unang'aa kama siku nilipoufunga.

Na konveya ilikuwa nzito. Siku za mwanzo mota ilivuta kwa utulivu, kisha ikaanza kunguruma. Vitoroli vilivyo upande uliolegea, baada tu ya mota, vilijikunyata na kupinda, nikadhani dawa ni kukaza. Nikaongeza springi ya kukazia mlolongo. Mngurumo ukazidi. Nikaongeza tena. Siku moja mota ilisimama kabisa ikabaki inatetemeka na kupata moto, trei zimejaa vipande vibichi, na mimi nimeshika swichi nisijue nimekosea wapi.

Ni siku hiyo nilipopitisha kidole.

## Gramu 40

Swali lenyewe lilikuwa dogo: kwa nini ndani?

Niliandika namba kwenye ubavu wa sanduku. Kitoroli pamoja na trei iliyojaa kina uzito wa kilo 4. Kinakwenda sentimita 20 kwa sekunde kwenye kona ya nusu kipenyo cha sentimita 40. Nguvu ya kukitupa nje, ile niliyoivalia ukuta chuma, ilitoka sawa na uzito wa gramu 40.

Nilirudia hesabu mara tatu. Gramu 40 ni pumzi.

Basi nikageukia upande ambao sikuwahi kuuwaza. Kitoroli kilicho kwenye kona kinavutwa na wawili: wa mbele yake na wa nyuma yake. Kwenye mstari wanavutana uso kwa uso na hakuna kinachobaki. Kwenye kona hawatazamani sawasawa. Wa mbele ameshageuka, wa nyuma bado hajageuka, na mivuto yao miwili, ukiijumlisha, inabaki na kitu kinachoelekea ndani. Shika kamba kwa mikono miwili ukiwa umeizungushia goti, uvute. Goti litakuambia.

Kiasi chake ni mkazo wa mlolongo, mara umbali kati ya vitoroli, gawanya kwa nusu kipenyo. Kwenye kona ya tatu mkazo ulikuwa karibu kilo 6. Mara 300, gawanya kwa 400.

Kilo 4 na nusu.

Gramu 40 kwenda nje, kilo 4 na nusu kwenda ndani. Zaidi ya mara 100. Vijiti vyangu vya nailoni vilikuwa vinakandamizwa kwenye plaiwudi tupu kwa nguvu inayozidi uzito wa kitoroli chenyewe, kila kimoja, kila mzunguko, huku chuma changu kikingoja mgeni asiyekuja.

Ushahidi uliomaliza ubishi ulikuwa kwenye kona ya tano. Njia yangu wakati huo haikuwa mstatili. Kulikuwa na nguzo ya karakana iliyosimama pale nilipotaka kupita, nikaikwepa, umbo likawa kama herufi L. Kona tano zinageukia kushoto, moja inageukia kulia. Kwenye hiyo moja unga ulikuwa kwenye ukuta wa upande mwingine. Ukiangalia ramani ni ukuta wa nje wa konveya. Ukiangalia kona yenyewe, ni wa ndani.

## "Mjomba, ni ileile"

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili naliona kubwa kuliko la kwanza.

Kama nguvu ya kwenda ndani inagawanywa kwa nusu kipenyo, nikasema, basi nipanue kona. Kutoka 400 hadi 600 kila kitoroli kitakandamizwa kwa kilo 3 badala ya 4 na nusu. Msuguano utashuka kwa theluthi. Mota itapumua.

Nilijenga kona moja mpya. Plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili zilizogundishwa kwa kupishanisha viungo, mviringo umechorwa kwa ubao mrefu wenye msumari ncha moja na penseli ncha nyingine. Bapa safari hii nilipanga kulifunga ndani. Kabla ya kuliweka niliamua kwanza kupima na plaiwudi tupu, ili nilinganishe sawa kwa sawa na kona ya zamani.

Kipimo kilikuwa rahisi. Vitoroli kadhaa kwenye kona, mkiani kamba inayopita kwenye puli na kuning'iniza kilo 2, mbele mizani ya springi inayovutwa polepole kwa mkono. Mpwa wangu ndiye aliyesoma mizani, mimi navuta.

Kona ya zamani ilisoma kilo 2.8.

Tukahamia kona mpya, pana, nzuri, niliyoitolea jioni nne.

"Mjomba, ni ileile."

"Soma vizuri, sindano inacheza."

"Nimeisoma. Mbili nukta nane."

Tukapima mara sita. Tukabadilisha vitoroli. Tukapangusa mfereji. Ilikuwa ileile.

Usiku ule sikuweza kulala mapema. Kukosea hesabu ni kitu kimoja. Hii hesabu ilikuwa sahihi. Kila kitoroli kweli kilikandamizwa kidogo zaidi. Lakini kona pana ni ndefu, na kona ndefu inabeba vitoroli vingi zaidi kwa wakati mmoja. Nilipunguza mzigo wa kila mmoja kwa theluthi, nikaongeza wabebaji kwa nusu. Theluthi mbili mara moja na nusu ni moja. Nilihamisha mzigo, sikuupunguza hata chembe.

## Kamba ya baharia

Nusu kipenyo kinajifuta. Kinachobaki ni vitu viwili tu: ukali wa msuguano, na pembe uliyogeuka.

Hili mabaharia wanalifanyia kazi kila chombo kinapofika gatini. Kamba inazungushwa kwenye gingi mara mbili tatu, na mtu mmoja anaishika ncha yake kwa mikono, upande wa pili kuna meli nzima. Kila kipande kidogo cha mzunguko kinaongeza sehemu ya mkazo uliopo tayari, kama riba juu ya riba. Leonhard Euler aliichambua hesabu hii katika karne ya 18, na mhandisi Mjerumani Johann Eytelwein akaja kuipa nafasi katika ufundi, ndiyo maana mpaka leo inabeba majina yao mawili. Kwa msuguano wa 0.3, mizunguko mitatu inazidisha nguvu zaidi ya mara 280. Unene wa gingi haumo kabisa kwenye hesabu.

Sasa rudi kwangu. Kilo 2 mkiani, 2.8 mbele. Ukitoa kidogo kwa ajili ya magurudumu kubingirika, kona ya nyuzi 90 inazidisha mkazo kwa karibu 1.37, ambayo ni kazi ya msuguano wa 0.2. Kona moja, sawa. Lakini kona hazijumlishwi. Zinazidishana. Nne ni mara 3.5. Sita, kwa sababu ile ya kulia nayo inahesabiwa, haifuti ya kushoto, ni mara 6.6.

Ndiyo maana kukaza springi kuliniua. Kila kilo niliyoongeza upande uliolegea ilifika kwa mota ikiwa kilo 6 na nusu.

Nilikuwa nimejenga gingi la baharia, nikaizungushia kamba mzunguko mmoja na nusu, kisha nikaitaka mota ivute upande ambao kazi yake yote ni kushindwa.

## Nguzo

Mduara wowote uliofungwa lazima ugeuke nyuzi 360. Hapo hakuna ujanja. Mstatili, yai, duara kamili, zote zinalipa kiasi kilekile. Lakini L yangu ilikuwa inalipa 540. Nyuzi 180 za ziada, kwa sababu tu ya kukwepa nguzo.

Nilizunguka karakana na futi kamba kwa siku mbili nikitafuta mahali pa mstatili usiogusa nguzo. Hapakuwepo. Kila nilipoweka pembe, nguzo ilikuwa njiani.

Kisha nikaona kwamba si lazima nguzo iwe nje.

Sasa iko katikati. Konveya inaizunguka. Nikitaka kuingia ndani lazima niiname na kupita chini ya njia, jambo ambalo mgongo wangu unalikumbuka kila jioni, na eneo la katikati nimelipoteza kwa kazi nyingine. Lakini kona zimebaki nne, zote za upande mmoja, na kabla hata ya kubadilisha kitu kingine, mota iliwaka bila kunguruma.

Ni kamba iliyozungushwa mara moja kwenye nguzo. Nilicheka peke yangu nilipoiona hivyo, kwa furaha ya kitu kilichokaa mahali pake.

## Gurudumu la ubavuni

Lililobaki lilikuwa msuguano wenyewe. Vijiti vya nailoni vinavyoburuzwa nikavitoa, nikaweka beringi zilizolala ubavu, zile ndogo zinazotumika kwenye viatu vya magurudumu: tundu milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene 7. Mbili kila kitoroli, zinabingirika kwenye bapa la chuma ambalo sasa liko ndani, mahali pake.

Jambo moja lilinigharimu siku nzima. Nilipanua mfereji mpaka milimita 22 na nusu, nikijisifu kwa kuukaza vizuri kitoroli kisiyumbe. Beringi zikawa zinalia na kukwama. Gurudumu linalogusa kuta mbili kwa pamoja haliwezi kubingirika: ukuta mmoja unalitaka lizunguke huku, wa pili kule, na linaishia kuburuzwa kote kuwili. Lazima liwe na ukuta mmoja wa kuegemea na mwingine wa kuuangalia kwa mbali. Nikaupeleka mfereji milimita 25. Kitoroli kinayumba kidogo kwenye mstari ulionyooka na hakimdhuru mtu; kikifika kona mkazo wenyewe unakivuta ndani na kukituliza.

Tukapima tena. Mpwa wangu akasoma 2.2.

Msuguano umeshuka hadi robo, karibu 0.05. Na kwa sababu kona zinazidishana, matokeo yake yananipendeza kila nikiyafikiria: kona nne za sasa kwa pamoja zinazidisha mkazo kwa 1.37. Nne za leo ni sawa na moja ya jana.

Na kona pana? Nimezibakiza. Hazikupunguza mvuto, lakini zina faida nyingine. Kila beringi inakandamizwa kidogo zaidi, hivyo chuma kinalika taratibu. Trei sasa zinaweza kufika milimita 248 bila kugongana. Na kuna mambo ya vile vyuma vya milimita 300: chuma kilichonyooka kikiwa ndani ya kona kinakata njia ya mkato, kinaziba milimita 307.5 za njia kwenye kona ya 400 lakini 303.2 tu kwenye ya 600. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mlolongo uvute pumzi, ulegee na kukaza kila kitoroli kinapoingia na kutoka. Ikiwa pande zako zina urefu unaofanya vitoroli viingie kona zote nne kwa sekunde ileile, pumzi nne zinakuwa moja kubwa. Nilipunguza upande mmoja kwa sentimita 7 ili zipishane.

## Mahali pa mota

Tangu mwanzo mota yangu ilikuwa mahali penye soketi ya umeme. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote.

Chukua upande mmoja ulionyooka unaokula kilo 3 kwa kubingirisha trei, na kona moja ya zile za zamani, na mlolongo unaotoka kwenye mota ukiwa na kilo 2. Ukipita kona kwanza, 2 inakuwa 2.7, ukiongeza 3 unafika kwenye mota na 5.7. Ukipita mstari kwanza, una 5, kisha kona inaizidisha yote, unafika na 6.9. Vipande vilevile, urefu uleule, zaidi ya kilo nzima imeongezeka kwa mpangilio tu. Kona inatoza kulingana na unachokuja nacho. Ifikie mapema, ukiwa bado mwepesi.

Kwa hiyo mota ikae mwisho wa upande mrefu zaidi, kabla tu ya kona, ili mlolongo ukitoka kwake umelegea uingie konani mara moja, na upande mrefu uje mwisho. Nikavuta waya mpya wa umeme mita kadhaa. Kwa beringi za sasa faida yake ni ndogo kuliko ingekuwa zamani, na bado ningefanya hivyo tena.

## Kugonga

Nilidhani nimemaliza. Kisha, kwenye ukimya wa mota isiyonguruma, nikasikia sauti ambayo ilikuwepo siku zote.

Tok. Tok. Tok.

Ni kila kitoroli kikiingia kona. Kwenye trei, tone la rangi mbichi kwenye ukingo wa kipande lilitikisika na kuacha alama ndogo kama kope.

Kiungo kilikuwa laini, kidole hakikuhisi kitu. Shida ilikuwa mviringo wenyewe. Kwenye mstari kitoroli hakigeuki hata kidogo. Milimita moja baadaye kinatakiwa kiwe kinageuka kwa kasi kamili ya kona. Hakuna katikati. Reli za treni haziruhusu jambo hili: kati ya mstari na mviringo wanaweka kipande ambacho kupinda kwake kunaongezeka sawasawa kwa kila hatua, kuanzia sifuri.

Nilijiuliza nitachoraje umbo hilo kwa penseli, na jibu lilikuwa limeegemea ukutani. Chukua ukanda mwembamba wa chuma, bana ncha moja, sukuma ncha ya pili kidogo kwa kidole. Ukanda unapinda zaidi pale ulipobanwa, na kupinda huko kunapungua hatua kwa hatua mpaka ncha iliyo huru, ambako umenyooka. Kwa mpindo mdogo ni umbo lenyewe. Mwaka 1744 Euler, yuleyule wa kamba na gingi, alifika kwenye mchoro huu akichunguza springi: ni ukanda wa umbo gani uliopinda, ambao ukiuning'inizia uzito nchani unanyooka kabisa? Nilifurahi kukutana naye tena upande wa pili wa kona ileile.

Kwa kona ya milimita 600, nikitumia kipande cha mpito cha milimita 150 kila upande, mviringo wote unatakiwa usogezwe ndani kwa milimita 1 na nusu tu. Kiasi hicho ndicho kilichokuwa kinagonga. Sikukata kona mpya. Nilitoa skrubu za mwanzo za bapa, nikaliacha lijikunje lenyewe, nikaweka vipande vya karatasi ngumu nyuma yake mpaka likatulia, nikafunga.

Kona tatu sasa ziko kimya. Ya nne bado ina tok moja hafifu, upande wa kutokea.

Jana usiku, baada ya trei ya mwisho kukauka, nilizima mota, nikainama kupita chini ya njia, nikasimama karibu na nguzo na kupitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa kona ya nne. Kilipita safi karibu njia nzima. Kwenye sentimita 4 za mwisho kilipata kijivu kidogo. Nimeweka alama ya chaki hapo, na kipande cha karatasi ngumu kiko tayari mezani.